Laptop nene ya mitihani

Leo nimebishana bei kwa Kiingereza dakika kumi nzima, kumbe muuzaji ni Mndali mwenzangu.

Laptop yangu imekufa. Mimi mwalimu, nataka ya kuchapa mitihani tu, basi nikaenda Tunduma, mpakani na Zambia, kutafuta iliyotumika.

Muuzaji alinisalimia kwa Kiingereza akidhani natoka Zambia. Nami nikadhani Mzambia ni yeye.

Akanisifia moja nyembamba, inang'aa. Niliipenda, sidanganyi.

Mara mama akapiga simu, nikaongea naye Kindali.

Nilipokata, jamaa kaduwaa.

"Dada, kumbe wa kwetu? Hiyo usichukue. Betri imechoka."

Akatoa nyingine, nene, ina mikwaruzo. Tukachomoa chaja, nikachapa mtihani mzima wa darasa la nne. Haikuzima.

Wakati nalipa akaingia mama Mzambia, moja kwa moja kwenye ile nyembamba.

Jamaa akanitazama. Nikamkazia macho.

Akashusha pumzi, akamwambia naye ukweli wa betri.

Wa mpakani, nani mwingine kashafanywa mgeni kwao?

Hapa nyumbani Isongole umeme umekatika. Haya yote nimeyaandika kwenye nene yangu.