Mguu Chini ya Kitanda cha Baba

Harufu ya plasta mbichi, ile wanayofungia waliovunjika miguu, hadi leo hunitia wasiwasi kabla sijakumbuka sababu. Iliingia nyumbani kwetu Lubumbashi kiangazi kimoja, Katanga ilipokuwa imejitenga na Kongo, nasi wenye asili ya Kasai, jimbo jingine, tukawa tunatazamwa hata tukichota maji. Baba alikuwa mwongoza wageni kwenye makorongo ya udongo mwekundu nje ya Lukafu, ambako mvua huchimbua mifupa ya mijusi wa kale, wakubwa kuliko nyumba. Wageni walishuka ngazi zilizochongwa udongoni, wakapiga picha, kisha Baba akawaonyesha mchezo aliofundishwa na Mzungu aliyesimamia mahali pale: lamba kipande hiki, ulimi ukiteleza ni jiwe, ukinata ni mfupa. Basi mabibi wenye glavu nyeupe waliinama wakalamba! Baba alitusimulia huku akicheka mpaka machozi.

Vizuizi vilipojaa barabarani, wageni walikoma. Mzungu naye akafunga virago, akamwachia Baba mfupa mmoja wa mguu, mrefu kunishinda, umezungushiwa vitambaa na plasta, akamwomba aufiche mpaka atakaporudi. Baba alifika nao alfajiri kwa lori la makaa, akausukuma chini ya kitanda, akatukataza kuutaja. Lakini jirani yetu, Mama Ngoie, mwenyeji wa pale, alikwisha kuona kitu kirefu cheupe kikishushwa kama maiti. Enzi hizo kila mtu aliwaogopa batumbula, watu waliosemekana kuteka wapita njia na kuwapeleka kwa Wazungu waliwe. Kila Jumamosi Mama Ngoie alituazima kinu. Jumamosi ile alisema kimepasuka, na mchana nikamsikia akitwanga. Akufukuzaye hakwambii toka.

Ulimi hauna mfupa, na wangu ulikuwa wa miaka minane. Ngoie, binti yake na rafiki yangu, aliniuliza tukiwa bombani tunaficha nini. Nikajivuna.

"Chini ya kitanda ya baba kuko muguu."

"Muguu ya nani?"

"Baba hajue jina yake."

Alasiri ileile majirani walijaa mlangoni pamoja na vijana wa chama kilichotawala Katanga. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Mtaa wa pili watu wa Kasai walikwisha kuchomewa nyumba, wakakimbilia kambi ya mahema pembezoni mwa mji. Sisi tulikuwa bado, na tulijua siku ile ndiyo ingeamua. Baba aliuvuta mfupa, akapasua plasta kwa panga, na kwa sauti yake ya kuongozea wageni akamkaribisha Mama Ngoie alambe. Mama yule alikuwa mjamzito, mla pemba, ule udongo mweupe wa wenye mimba. Ulimi wake ulijua udongo wa kila namna. Akapiga magoti akalamba. Ulimi ukanata. Sote tulimwona akiubandua. Na Baba, masikini, akatabasamu kama mbele ya watalii, kabla hajakumbuka yuko wapi.

"Basi iko mufupa," Mama Ngoie alisema polepole. "Mwenyewe alikufia wapi?"

Baba akaeleza habari za mijusi. Kadiri alivyoeleza ukubwa wao ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Kabla jua halijazama tulikuwa njiani kwenda kambini na blanketi mbili na sufuria, na baadaye treni ikatupeleka Kasai, nchi ambayo sikuwahi kuiona. Nilimkasirikia Baba miaka mingi kwa ajili ya tabasamu lile, ili nisijikasirikie mimi.

Nilirudi Lubumbashi nikiwa na wajukuu, nikapata nyumba mtaa wa Hewa Bora. Siku moja sokoni nikakutana na Ngoie, naye bibi kizee. Alinieleza kwamba tulipoondoka, mama yake aliwakusanya wanawake, wakauosha ule mfupa, wakauvisha sanda, wakaketi kilio siku tatu, kisha wakauzika nyuma ya nyumba yetu. Si vizuri mtu azikwe bila kuliliwa, hata asiyejulikana. Mama yake alilia kweli, alisema, mpaka sauti ikakauka.

"Na sisi?" nikamuuliza. "Bakatulilia?"

Ngoie akatazama kapu lake la mboga.

"Ninyi mulikuwa bazima."

Wanangu husema mambo yale yamekwisha, na siku hizi hakuna anayemwuliza mwenzake ametoka wapi. Huenda. Jirani yangu wa sasa ni mwema, huniletea hata sombe, majani ya muhogo, akipika. Lakini chini ya kitanda changu siweki kitu, na kinu nimenunua changu.