Nililing'arisha jiwe la liwa la mke wangu

Bwana mhariri, assalaam alaikum, na wasomaji wako wote nisalimie. Jina langu lifiche. Sema tu natoka Mji wa Kale, maana kwetu nyumba zimebanana, mtu akipiga chafya jirani amuombea dua.

Mimi ni mwanamume wa miaka arubaini na minane, fundi wa kushona kanzu. Chuo cha Kurani nilihitimu, skuli nilikwenda miaka minne tu, basi mniwie radhi kwa maandishi. Mke ninaye, lakini nyumbani hayuko. Watu wote wamlaumu yeye, na mimi nimewaacha wamlaumu.

Vita vya dunia vilipokuwa vikali vitambaa vilikuwa haba, mafundi tukawa twakaa bure. Nilikuwa na cherehani kuukuu, kichwa kimekufa lakini gurudumu na kanyagio vizima. Nikafunga mkebe wa biskuti kwenye gurudumu, nikatia mawe, mchanga na maji, nikaziba kwa lami, nikakanyaga. Mkebe ukizunguka, mawe yasuguana yenyewe kwa yenyewe. Baada ya siku nyingi watia mchanga mwembamba zaidi, mwisho unga wa chaki. Mawe nilikuwa nikiyaokota ufuoni penye farumi, yale mawe ya uzito ambayo vyombo vya baharini huyatupa vikishafika. Jiwe laingia limepauka kama kisigino, latoka jekundu, lang'aa kama limelowa, na kumbe ni kavu. Mimi sikujaaliwa mtoto. Msinicheke, lakini kila nikifungua ule mkebe moyo ulikuwa wanidunda.

Vita vikaisha, kazi ikarudi, na mkebe sikuuacha. Kila nikipata nafasi nakanyaga. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alikuwa akiniita dirishani, "Fundi, mawe hayo yaiva lini? Sisi twangoja na sahani." Mke wangu alikuwa akicheka naye. Halafu akaacha kucheka. Siku moja aliniambia amenisemesha mara tatu tangu asubuhi, na mara zote tatu nimeuitikia mkebe. Nikamwambia nimesikia, nikaendelea kukanyaga.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mke wangu alikuwa na jiwe la liwa. Kwa nyinyi wa bara msiolijua, wanawake wetu husugua kijiti cha msandali juu ya jiwe kwa marashi, ukatoka uji wa kujipaka usoni, ndiyo liwa. Jiwe lake lilikuwa la mamake, na kabla ya hapo la bibi yake. Katikati lilikuwa na kibonde, limelika kwa mikono yao.

Alikwenda mtaa wa Bondeni kwa kakake, harusi ya mpwawe, siku kumi. Mimi nikalitoa lile jiwe. Mkebeni halikuingia, likawa la kusugua kwa mkono. Nikalisugua kwa mchanga, kwa msasa, kwa chaki na kitambaa, siku zote kumi, cherehani ya kazi nimeipa mgongo. Nilikuwa nataka aone kile ninachokiona mimi nikifungua mkebe. Na kweli kabisa, nilitaka anisifu. Likawa kama kioo. Nikaliweka kwenye sinia, nikalifunika kitambaa cheupe kama zawadi.

Aliporudi akafunua kitambaa. Akatia tone la marashi, akachukua kijiti, akasugua. Kikateleza. Akasugua tena, liwa haitoki. Akapitisha kidole katikati, akarudia, kama mtu atafutaye kitu gizani. Akasema taratibu, "Bwana, hapa palikuwa na mkono wa mama."

Hapo ndipo ningesema nisamehe. Mimi nikasema, "Jiwe ni jiwe. Kesho ntakuokotea jingine."

Hakupiga kelele. Alivaa buibui lake akarudi Bondeni, na hata jiwe hakulichukua. Kakake na wazee wakaja kuniuliza kuna nini, nikawaambia mke wangu hana subira, ameshindwa na kelele za mkebe. Wakaniamini, maana kelele mtaa mzima wazijua. Yeye nasikia alipoulizwa alijibu tu, "Muulizeni mwenyewe." Miezi minne sasa. Wazee wamemshika, kila wiki wamwambia arudi kwa mumewe, mkebe si sababu ya kuvunja nyumba.

Ijumaa iliyopita baada ya sala alikuja kakake. Akasema dadake hataki nguo, hataki chombo, ataka jiwe lake tu. "Shemeji, nipe nimpelekee," akasema, na kucheka kidogo. "Nyinyi wawili mawe yamewaingia kichwani." Nikamwambia limepotea kati ya vitu, aje Ijumaa hii. Uongo mwingine huo.

Mkebe nimeufungua, nimeuosha, nimeuanika. Nyumba kimya, hata yule mama wa dirishani ameniuliza kama ni mgonjwa. Chakula napika mimi na nala mimi, na salamu za mlangoni najiitikia mwenyewe. Jiwe nimelikwaruza kwa tupa, na sasa likisuguliwa liwa yatoka. Lakini kibonde hakirudi. Nimekaa nalo mapajani nikikitafuta kwa kidole kama alivyofanya yeye.

Ndugu zangu, nikinyamaza, wazee huenda wakanirudishia mke wangu, kwa uongo wangu. Nikisema kweli mbele yao, watampa haki yake abaki kwao, nami nitabaki na nyumba hii. Ijumaa yaja. Nimpe kakake jiwe mlangoni nifunge, au nilibebe mwenyewe hadi Bondeni niseme yote? Nielekezeni. Na zaidi nawauliza nyinyi wanawake mulioachiwa majiwe na mama zenu: mukimuona mume amesimama mlangoni na jiwe kama hili mkononi, mutamfungulia?