Zamu ya Mama Pindo

"Usiniulize nimejuaje," alisema msusi wa chumba cha mwisho huku ndoo yake ikijaa bombani, "lakini yule mama yako wa kiwandani, ama ana mimba ya uzeeni, ama kuna mwanamume kamwachia ugonjwa. Tangu alfajiri nimemhesabu. Mara sita chooni! Na kila akitoka anashika ukuta, macho kayafumba."

"Labda tumbo," alisema Mzazi.

"Tumbo lina kelele zake, shoga. Hili lake liko kimya. Haya, mimi simo."

Kwa jinsi alivyokuwa hayumo, hadi ndoo ilipojaa alikuwa ameshawaambia na wengine wawili.

Mzazi hakuwa na nguvu za kubishana. Alikuwa na mtoto wa miezi saba mgongoni, na uchovu ule ambao usingizi hauuoshi. Jina hilo la Mzazi alipewa na wenzake wa kiwandani siku aliyorudi kutoka likizo ya kujifungua, likamganda. Alijitwika maji, akapita mbele ya chumba cha Mama Pindo. Mlango ulikuwa wazi nusu. Ndani, mwanamke yule mkubwa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono kaibana katikati ya magoti.

"Umeamkaje, mama?"

"Nimeamka, mwanangu. Gauni tu limenibana."

Gauni lenyewe lilikuwa pana, wangeweza kuingia wawili. Mzazi aliliona hilo, akalinyamazia, maana saa ya kazi ilikuwa imefika na mtoto alikuwa hajapelekwa kwa bibi yake.

Kiwanda chao kilishona sare: za shule, za walinzi, za wauguzi. Mama Pindo alikuwa na miaka kumi na tisa pale, na miaka yote hiyo alikunja pindo za suruali. Mumewe alikufa yeye akiwa kwenye mashine ileile, binti yake akaolewa mbali yeye akiwa kwenye mashine ileile. Hakuwa na haja ya kupima kwa utepe. Angeshika mguu wa suruali, akaukunja kwa kidole gumba, na pindo likatoka limenyooka kama limechorwa. Wasichana wapya wakimsifu, alisema, "Hata punda akipita njia moja miaka kumi na tisa, hahitaji ramani."

Mstari wao ulikuwa na wanawake arobaini na wawili na kibao kimoja. Kilikuwa kipande cha mti kilichopakwa rangi nyekundu, kikining'inia kwenye msumari karibu na meza ya msimamizi. Anayetaka kwenda msalani alikichukua. Asiye nacho hakuinuka. Msimamizi alikuwa mwanamke aliyebandika saa kifuani, wakamwita Bibi Saa. Hakuwa mkali, hakupiga kelele. Alitazama kifua chake tu, halafu akakutazama wewe, na hapo ukatamani ardhi ipasuke.

Basi wanawake walijitafutia dawa ya kibao: hawakunywa maji. Asubuhi Mama Pindo alipiga funda mbili za chai, ya tatu akasukutulia na kuitema. "Kibofu ni kama mbuzi," aliwaambia. "Ukikifunga kamba fupi, kinazoea." Wakacheka, na wao wakafunga kamba zao.

Mzazi aliporudi kutoka uzazi hakuweza kufunga chochote. Maziwa yalimjaa, yakamwagika, blauzi ikalowa mbele za watu. Alihitaji kibao mara tatu kwa siku aende kukamua, na wenzake wakaanza kunung'unika, maana kila zamu yake ilikuwa ndefu. Siku ya nne Mama Pindo alimgusa kiwiko bila kuinua macho kwenye suruali. "Chukua zamu yangu. Nenda kamtendee haki mtoto. Mimi kibofu changu kimesoma."

"Na wewe je, mama?"

"Mimi nimezoea. Nenda, maziwa hayasubiri."

Akaenda. Kesho yake akaenda tena, na miezi ikapita hivyo. Kitu ukipewa kila siku, kinageuka kuwa chako bila wewe kujua.

Tena kulikuwa na kopo. Lilikuwa kopo la majani ya chai, lilikaa chini ya meza ya Mama Pindo, na ndani mlikuwa na vidonge. Mkojo ulimchoma kila mmoja wao kwa wakati wake, hakuna aliyeshangaa. Aliyeugua alinunua dozi, akameza siku mbili, akisikia nafuu aliweka vilivyobaki kwenye kopo kwa ajili ya mwenzake. Atakayefuata kuungua atapewa viwili vya rangi mbili na kimoja cheupe, naye akipata vyake atarudisha. Ilikuwa hisani. Kumaliza dozi nzima peke yako, pale mstarini, kulihesabiwa uchoyo. Mama Pindo ndiye aliyekuwa mtunza kopo, na hakuna aliyewahi kumwomba akarudi mkono mtupu.

Yeye mwenyewe mwaka huo alikuwa amekula kutoka kopo mara nne. Alikuwa akipona kila mara. Halafu baada ya wiki mbili, tatu, moto unarudi, na kila ukirudi unakuja na mizigo zaidi.

Siku ile ya maneno ya msusi, Mzazi alikaa kwenye mashine yake akawa anamtazama kwa jicho la pembeni. Mama Pindo alikuwa amebana ubavu wa kulia kwenye ukingo wa meza, kama anayezuia kitu kisidondoke. Jua lilikuwa linaoka mabati, kila mtu jasho, yeye amejifunga kanga mabegani na meno yanagongana. Mzazi akashusha macho kwenye suruali zilizomaliza kukunjwa. Pindo la juu lilikuwa limekwenda upande.

Hilo ndilo lililomtisha. Homa watu wanapata, lakini pindo la Mama Pindo halikuwahi kwenda upande.

"Mama, unaumwa."

"Nani haumwi hapa?"

"Tabibu akuone."

"Nimeshameza viwili. Kesho nitakuwa mzima. Shona, mwanangu, Bibi Saa anatazama kifua."

Hakufika hiyo kesho. Kabla ya saa nane aliinuka bila kibao, akashika mgongo, akatapika kwenye boksi la vitambaa. Mstari mzima ukazima mashine. Bibi Saa alikuja mbio, na safari hii hakutazama saa. "Mpelekeni," alisema. "Wewe, Mzazi, nenda naye. Lakini mwambie nafasi yake nitaishika siku tano. Siku ya sita wakubwa wa juu wataniuliza mimi."

Zahanati ilikuwa na ukumbi mmoja wenye mabenchi ya mbao na harufu ya dawa ya sakafu. Tabibu alikuwa mwanamke wa makamo, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Alimgonga Mama Pindo ubavuni kwa ngumi nyepesi, na Mama Pindo akaruka kama kachomwa sindano.

"Figo," alisema tabibu. "Yutiai, ugonjwa wa njia ya mkojo, umepanda huko juu. Mama, unakunywa maji kiasi gani kwa siku?"

Mama Pindo akamtazama Mzazi kama mtoto aliyeulizwa hesabu. "Nikishikwa na kiu, nasukutua."

"Na mkojo unaubana?"

"Sio kuubana. Nangoja zamu."

"Kuanzia asubuhi hadi saa ngapi?"

"Siku nyingine hadi kutoka kazini."

Tabibu akaacha kuandika. Mama Pindo akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini sana, "Daktari, mimi ni mjane. Mwaka wa tisa huu. Sijui wanaume. Watu watasema."

"Waache waseme hadi wakauke koo. Hawa ni wadudu wa haja kubwa, kila mtu anao tumboni. Sisi wanawake njia yetu ya mkojo ni fupi, wanapanda haraka. Ukinywa maji na kukojoa, unawasukuma nje. Usipokojoa, umewapa chumba na kitanda. Umetumia dawa gani?"

"Za kopo."

Ikabidi Mzazi aeleze. Alieleza yote, vidonge viwili vya rangi mbili na kimoja cheupe, na hisani yake. Tabibu alisikiliza, akapitisha mkono usoni.

"Mnajua mnachofanya? Ukimeza viwili unaua wale wanyonge. Wagumu wanabaki, wanazaana, na sasa dawa wanaifahamu. Nitaanza na sindano leo hii, moja kila siku, siku saba. Na mkojo tutauotesha."

"Kuotesha?" Mama Pindo aliinua uso, licha ya homa. "Kama maharage?"

"Kama maharage. Wakichipua tunawajaribia dawa moja moja, tuone ipi inawaua."

"Basi wakistawi, daktari, nigawie jembe."

Tabibu akacheka, cheko la mtu ambaye hajacheka tangu asubuhi.

Siku ya tatu majibu yalitoka. Vidonge vya rangi mbili havikuwagusa wadudu. Cheupe hakikuwagusa. Sindano iliwaua. "Bahati yako iko hapa," tabibu aligonga karatasi kwa kalamu. "Lakini ni siku saba, mama, si nne. Ukiacha katikati watarudi, na wakipenya kwenye damu, sina uhakika kama utafika hapa kwa miguu yako."

Mzazi aliyabeba maneno hayo hadi kiwandani. Wakati wa mapumziko aliwaambia wenzake, ingawa hakuzoea kusema mbele za watu. Wengine waliguna. Msichana wa vifungo alisema, "Sasa tukiugua tufe? Dozi nzima tuipate wapi siku hiyohiyo?" Mzazi alipoinama kulitoa kopo, alikuta limejaa kuliko siku zote. Walikuwa wamechanga. Kila mmoja ameweka chake, na juu kuna kikaratasi: *Vya Mama Pindo, apone haraka.* Alikaa nalo mapajani hadi kengele ikalia, hakujua acheke au alie. Jioni alilikabidhi zahanati na vidonge vyake vyote. Kikaratasi alibaki nacho.

Usiku huo alipiga hesabu nyingine kichwani. Zamu moja, au mbili, au tatu kwa siku, miezi minne. Kila alipokuwa chooni akimkamulia mwanawe, kulikuwa na mtu kwenye mashine amebana ubavu. Hakuna aliyemlaumu. Afadhali wangemlaumu.

Jumapili ilikuwa siku ya nne ya sindano. Mzazi alipopita kumchukua, alimkuta Mama Pindo amesimama katikati ya chumba, amekwisha kuoga, anapiga pasi aproni ya kazi.

"Homa imekwisha," alisema Mama Pindo. "Nimelala kama gogo. Leo siendi kuchomwa, napumzisha makalio. Kesho narudi kazini, itakuwa siku ya tano, Bibi Saa hatakuwa na neno."

"Tabibu alisema saba."

"Tabibu hashoni pindo. Nimepona, mwanangu. Mtu mwenyewe ndiye anayejua mwili wake."

Mzazi alikuwa hajawahi kumjibu mtu mzima. Kwao alilelewa hivyo: mkubwa akisema, unasema ndiyo, mengine unayamaliza jikoni. Alimhamisha mtoto kutoka bega hili hadi lile.

"Mara ya kwanza ulipona," alisema. "Ya pili ukapona. Ya tatu nilikuwepo, ulicheza kwa furaha ya kupona hadi mashine zikazimwa. Ya nne ulipona wiki mbili. Mama, wewe umepona mara nne mwaka huu, na juzijuzi umetapika kwenye boksi."

Pasi ilibaki hewani. Mama Pindo aliitazama aproni, akaitazama kama suruali iliyokosewa ambayo hajui aifumulie wapi.

"Na nafasi yangu je?"

"Nitakaa kwenye mashine yako. Yangu atakaa yule msichana wa vifungo. Nimekwisha kuzungumza na Bibi Saa."

"Wewe? Umezungumza na Bibi Saa?"

"Nilitetemeka."

"Na pindo zangu utaziweza?"

"Zitakwenda upande."

Mama Pindo akaguna, karibu acheke. Akazima pasi. Kisha akakaa kitandani pole pole, akafunika uso kwa mikono, na Mzazi aliona mabega yale, yaliyonyooka miaka kumi na tisa, yakishuka taratibu kama nguo iliyotolewa kwenye hanga. Hakumgusa. Yule mama akajifuta kwa ncha ya kanga, akasema, "Haya. Twende nikachomwe."

Zahanati siku hiyo ilifurika. Watu walikuwa wamebanana kwenye mabenchi, wengine wameegemea kuta, watoto wanalia kwa zamu. Walipewa namba thelathini na moja. Mzazi alimnunulia Mama Pindo chupa ya maji, akamfungulia kizibo, na kila zikipita namba tano alimtazama hadi anywe. Aliyanywa kwa uso wa mtu anayemeza shubiri, lakini aliyanywa. Mtoto alinyonya, akalala.

"Ishirini na nane," aliita muuguzi mlangoni.

Mama Pindo alianza kusogezasogeza miguu. Akaibana, akaiachia, akaibana tena. Mzazi aliona vidole vyake vikikamata ukingo wa benchi, vilevile vilivyozoea kukamata ukingo wa meza.

"Ishirini na tisa."

Msururu wa watu nyuma yao ulikuwa hadi nje. Ukiinuka, nafasi imekwenda, na ukiitwa haupo, unarudi mwisho. Kila mtu pale alilijua hilo. Choo kilikuwa upande wa pili wa uwanja. Mama Pindo aliutazama mlango wa sindano, akautazama uwanja.

"Thelathini."

Aliugeuza uso wake, uliochoka, usio na mzaha wowote ndani yake, akamwekea Mzazi mkono gotini.

"Mwanangu," alisema, kwa sauti iliyosikika na benchi zima, "nishike mkono unipeleke msalani. Sasa hivi. Wakiniita, mwambie mtu aseme nimekwenda kukojoa, wanisubiri."