Mwonjaji wa Mapanki wa Mkuyuni

Saa moja asubuhi, Ng'washi Maige anaopoa panki la kwanza kwenye karai, na wateja sita wanamkazia macho kama wasimamizi wa mtihani wa taifa.

Mapanki ni mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki kiwandani baada ya minofu kwenda Ulaya. Yakichelewa juani yanaharibika. Ndiyo maana kwa wateja wa Ng'washi, hapa Mkuyuni, muuzaji huonja kwanza, mbele ya kadamnasi. Akimeza na kubaki wima, biashara inafunguliwa.

"Kula na hilo shavu, Mama Kija," anasema Mashimba, mpakia mizigo, akimwita kwa jina la mwanawe. "Leo silielewi."

Anakula. Kila karai, kipande kimoja. Kwa siku makarai manane, yote yakikaangwa kwa mafuta ya sangara.

Tatizo ni kwamba ini lake nalo limejaa mafuta.

Miaka sita iliyopita, mwaka 1994, akiwa na miaka thelathini na tano, aliondolewa ovari zote mbili kwa sababu ya uvimbe. Hedhi ikakoma. Yakafuata maumivu chini ya mbavu za kulia, kisha picha ya hospitali.

"Mwili wake umepungukiwa estrojeni, na hilo linaweza kuchangia ini kujaa mafuta," anasema daktari wake, Muganyizi. "Karai linamalizia."

Mtaani, ugonjwa wa ini una sababu moja tu: pombe ya gongo. Wazee watatu wa kanisa walifika nyumbani kwake, wakasali, kisha wakanusa vikombe vyote, hadi cha mtoto. Hawakupata kitu. Alisimamishwa kwaya hata hivyo, uchunguzi ukiendelea. Huu ni mwaka wa pili.

Tangu Mei, Ng'washi huchemsha pia ngozi za sangara na kuengua mafuta. Supu hiyo ikipoa huganda na kutetemeka sufuriani. Alimuuliza daktari kama ute ule unatibu ini.

"Nilimwambia sijui," anasema Muganyizi. "Ninachojua, mafuta hayalitibu."

Wateja wamekwishatoa hukumu. Mapanki ya kukaanga huisha themanini kwa siku. Supu, bakuli kumi na mbili.

"Hiyo ni ya wodini," anasema Mashimba.

Ng'washi alijaribu njia nyingine. Alimleta mdogo wake, Wilhelmina, aonje kwa niaba yake. Wateja walikataa.

"Walisema tumbo lake hawalijui," anasimulia. "Langu wamelizoea."

Wiki iliyopita aliamka macho yakiwa ya manjano. Alivaa miwani ya jua, akaja kazini, akaonja mara nane.

"Jumatatu sileti karai," anasema, akipangusa midomo. "Ni sufuria tu. Wasiotaka supu waende zao. Kija yuko darasa la pili. Nataka amalize la saba nikiwa bado na nguvu za kumchapa."