Zamu ya Kuchomwa

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya kutolewa damu ya vipimo, katika zahanati moja ya Kicukiro. Mbele yangu alikuwa mama na binti yake mdogo mwenye usonji. Mtoto alipoiona sindano, alipiga kelele na kuziba masikio.

“Mama, mushike kwa nguvu,” muuguzi akasema. “Watu iko wengi.”

“Hapana, dada. Tucheze kwanza, kama nyumbani.”

Mama akatoa kifuniko cha kalamu. Binti akamchoma nacho mkononi, wakahesabu pamoja hadi tano. Kisha binti akamgeukia muuguzi: “Zamu yako.”

Muuguzi akatutazama sisi wa foleni, akakunja mkono wa koti lake. Alipochomwa, akahesabu: “Moja, mbili, tatu, ine, tano!” Mtoto akacheka.

Sindano ya kweli ilipofika, alinyoosha mkono mwenyewe na kuhesabu kwa sauti kutushinda sote. Mama hakuhitaji kumshika.

Mimi, niliyekuwa nimenung’unika kwamba wanatuchelewesha, huwa nafumba macho nikichomwa. Binti akanijia na kifuniko chake.

“Zamu yako.”

Nilihesabu hadi tano, macho wazi.