Kuifungia Namba Mashine ya Zamani

Mimi ni fundi wa kuchonga chuma, na nina majivuno. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akanisingizia unyenyekevu. Karakana yangu iko nyuma ya nyumba, huku Singe, na ndani yake kuna mashine moja ya zamani ambayo niliikuta imekufa nikaifufua kwa mikono yangu. Chuma unakibana juu ya meza yake, kisha unaisogeza meza kwa kuzungusha mkono wa chuma ulio pembeni, na kisu kinachonga. Kwenye shingo ya ule mkono kuna pete yenye mistari myembamba inayokuonyesha umesogea kiasi gani. Asiyeweza kuisoma ile mistari hana kazi ya kufanya pale.

Miaka mitatu iliyopita niliacha kuiona.

Sikumwambia mtu. Miwani nilinunua, ikajaa mafuta, na hata nilipoifuta mistari iliendelea kushikana kama uji. Aliyejua ni mke wangu peke yake. Yeye ni mshonaji, cherehani yake iko barazani, na macho yake yanaona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Basi tukawa na utaratibu wetu. Mteja akishaondoka, namwita, anaacha cherehani, anakuja na futi yake shingoni, anainama kwenye pete na kunisomea. "Bado. Bado kidogo. Hapo." Mteja akirudi anakuta kazi imekamilika na mimi nimekunja mikono. Sifa zote nilizichukua mimi, na sikuona aibu.

Aibu ilinipata alipokwenda msibani kwao Dareda akakaa wiki nzima. Kila mteja aliyekuja nilimwambia umeme umekatika. Wa tatu alikuwa mzee mwenzangu wa Bonga, mwenye mashine ya kukamua alizeti. Nilimwambia na yeye kwamba hakuna umeme, na wakati huohuo mashine ya kusaga mahindi ya jirani ilikuwa inanguruma hadi mabati yangu yanatetemeka. Mzee aliutazama waya unaotoka kwenye nguzo, akaona unagawanyika kwenda nyumba zote mbili. Ana adabu yule mzee. Alisema tu, "Pole sana fundi," akaondoka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ndipo nikaagiza namba. Nilikuwa nimeziona kwenye simu: vipimo viwili virefu vya kioo, kila kimoja ndani ya ala yake ya alumini, pamoja na skrini yenye tarakimu nyekundu, kubwa kama za saa ya ukutani. Kioo unakifunga kwenye meza, kichwa cha kukisoma unakifunga kwenye mwili wa mashine, na meza ikisogea skrini inakuambia imesogea kiasi gani. Haijali kama skrubu ya ndani imelika au mkono umelegea. Vilikuja kwa basi, nikavifuata stendi mwenyewe kwa bajaji, boksi mapajani, na sikumruhusu dereva apite kwenye shimo hata moja. Na niseme ukweli wa nia yangu: nilitaka nisimhitaji mtu yeyote wa kunisomea, hata mke wangu.

Kuzifunga kulinichukua siku nne. Siku ya kwanza sikufanya chochote zaidi ya kuizunguka mashine na drili mkononi. Kutoboa chuma cha mteja ni kazi, lakini kutoboa mwili wa mashine uliyoifufua ni jambo jingine. Mwisho nilijikaza nikatoboa. Nikakwangua rangi ya miaka mingi hadi nikafika kwenye chuma chenyewe, nikachonga vishikizo kutoka kwenye kipande cha engo, kile chuma cha pembe, nikatoboa matundu ya skrubu moja baada ya jingine.

Shida ilikuwa kukinyoosha kioo. Ni lazima kiende sambamba na meza kutoka mwanzo hadi mwisho, kisipinde hata kwa unene wa nywele, la sivyo kichwa kitasugua na kusoma uongo. Ukaguzi huo unafanywa kwa saa ndogo ya kupimia yenye mshale, na mshale wenyewe sikuuona. Nikamwita tena. Nilijiambia hii ndiyo mara ya mwisho. Alitazama mshale mimi nikisogeza meza, akasema, "Kwako huko kimeshuka. Ni kama zipu ya sketi. Ikianza kupinda chini, juu haifungi." Nilikata kipande cha kopo la soda nikakisukuma chini ya kishikizo cha kulia. Mshale ukatulia. Tulipowasha skrini na namba zikaanza kukimbia, nilicheka peke yangu. Nilizisoma nikiwa nimesimama mlangoni.

Wiki hiyohiyo yule mzee wa Bonga alirudi. Sikuuliza kwa nini amenipa nafasi ya pili. Mashine yake ya alizeti ina mabamba mawili, la mbele na la nyuma, na mihimili miwili inapita katika matundu ya yote mawili. La nyuma lilikuwa limepasuka. Matundu ya bamba jipya yalipaswa kulingana na ya lile la mbele bila tofauti, vinginevyo mihimili isingezunguka. Alikuwa na alizeti ya watu imejaa ghalani.

"Nitapita kesho asubuhi," alisema. "Ikishindikana usijali, nitapanda basi la saa tano niipeleke Arusha."

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. Nilijua kazi hiyo ikienda Arusha, zitaifuata nyingine zote, na mimi nitabaki kunoa majembe.

Kwa skrini yangu nilipima bamba la mbele, aliloniachia pamoja na mihimili: kutoka tundu hadi tundu, milimita tisini na mbili kamili. Nikatoboa tundu la kwanza kwenye bamba jipya, nikaweka skrini sifuri, nikaanza kusogeza meza kuelekea la pili. Mke wangu alikuwa amekuja kutazama, mkono kiunoni.

"Umepita," alisema. "Imeandika tisini na mbili nukta moja."

"Naijua mashine yangu," nilimjibu. "Katikati ya meza inadanganya. Ni lazima uiongezee mistari minne."

"Iliyokuwa inadanganya ni pete. Hii siyo pete."

"Wewe nenda kashone."

Akaenda. Nikatoboa. Nikaweka mabamba mawili pamoja, nikapitisha mhimili wa kwanza, ukaingia vizuri. Wa pili uligoma. Niliupaka grisi, niliugonga kwa nyundo ya mbao, niliutukana. Uligoma.

Nilikaa juu ya ndoo nikaelewa nilichofanya. Kwa miaka yote ile, skrubu ikiwa imelika katikati, mkono wangu ulizoea kuongeza mistari minne kila unapofika pale. Hakuna aliyeniagiza, mkono uliongeza wenyewe. Nilikuwa nimeusahihisha uongo muda mrefu kiasi kwamba ukweli ulipokuja na tarakimu zake nyekundu, nikausahihisha na wenyewe. Mgeni asingeweza kuharibu kazi ile. Aliweza yule anayeijua mashine kupita kiasi.

Chuma cha unene ule kilikuwa kimebaki kipande kimoja. Nilikwenda barazani nikasimama mbele ya cherehani na mikono yenye mafuta.

"Umesema kweli," nilimwambia. "Nisamehe."

Hakunyanyuka. Alimaliza pindo la sketi ya shule, lote, mimi nikiwa nimesimama, akakata uzi kwa meno, ndipo akavaa kandambili zake. Alisimama nyuma yangu karakanani. Namba nilizisoma mwenyewe, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza, na kila mkono ulipotaka kupita tisini na mbili alinigusa bega. Mihimili yote miwili iliingia kwa kusukumwa na kidole.

Asubuhi mzee alifika mapema. Nilimwachia aisukume mihimili mwenyewe. Alizungusha, akatoa, akarudisha, akazungusha tena. Tulikuwa barazani, cherehani inalia pembeni.

"Fundi," alisema, "macho yako bado ni ya kijana. Arusha wana nini cha kutushinda?"

Ningeweza kusema asante. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimesema asante. Lakini safari hii sikulisema, kwa sababu mke wangu alikuwa pale, anasikia, na alikuwa amezoea kusikia.

"Macho yangu hayaoni mistari, huu ni mwaka wa tatu sasa," nilisema. "Kazi zote ulizochukua hapa, aliyesoma vipimo ni mama huyu. Na ile siku ya umeme, umeme ulikuwepo. Yeye ndiye hakuwepo."

Cherehani ilinyamaza. Mzee alimgeukia mke wangu, akavua kofia.

"Kumbe fundi nilikuwa nampita hapa barazani kila nikija."

"Mimi nilisoma tu," alisema mke wangu. "Kuharibu anaharibu mwenyewe. Bamba la kwanza liko kule nyuma, muombe akuonyeshe."

Mzee alicheka mpaka akashika nguzo, na mimi nikacheka, maana ningefanyaje. Kisha akasema kuna puli ya mkanda ya mashine ileile imelegea, ataileta Jumatatu, ila sasa hajui amkabidhi nani.

"Mkabidhi yeye," alisema mke wangu, akiwa ameshaanza kutunga uzi kwenye sindano. "Siku hizi anaona."

Nimesifiwa mara nyingi pale nyumbani. Hiyo ilikuwa ya kwanza katika miaka mitatu ambayo nilijua ni yangu.