Mpelelezi Hakushinda

Mtu akiugeuza mwisho wa filamu hunikera kuliko aliyenikanyaga kidole. Nililijua hilo ughaibuni Uarabuni, mtaa wa Naif, katika chumba tulichokaa watu wanane.

Mimi ndiye niliyeleta zile filamu za upelelezi za miaka ya sabini. Nilizipenda tangu ujana wangu Mombasa. Mpelelezi ana koti lililokunjamana, mvua humnyeshea yeye peke yake, wateja wake matajiri wanamdanganya tangu mwanzo, na akishaujua ukweli haumfai kitu. Mwovu anabaki kwenye kiti chake. Utamu wa filamu hizo ni huo: hazikudanganyi kuhusu wakubwa.

Ijumaa baada ya sala tulizitazama kwenye laptopu yangu. Wengi hawakujua Kiingereza, basi mwenzetu mmoja, mpishi wa Tanga, akajipa kazi ya kutafsiri kwa sauti kama wanavyofanya kwenye vibanda vya video kwetu, kwa mbwembwe na vijembe. Tulivunjika mbavu. Lakini kila mwisho aliupindua. Mpelelezi akiondoka kichwa chini, yeye husema anakwenda kuita polisi, kesho tajiri yuko jela. Watu wanapiga makofi. Nilijua ni uongo, nikanyamaza nisiwaharibie starehe.

Aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa kijana wa Kilifi, mpakiaji kwenye ghala moja bandarini Jebel Ali. Msimamizi wao alikuwa akifungua makatoni ya simu, anachota, kisha anawasingizia wapakiaji. Kijana akaanza kumpeleleza, akampiga picha mkono ukiwa ndani ya katoni.

"Arbab akiziona hizi, ndugu yangu, huyu kwisha," aliniambia.

Nilimwambia afikirie tena, lakini nilisema kwa sauti ndogo.

Arbab, bosi mwenye ghala, alizitazama zote, akamshukuru, akamwambia khalas, yamekwisha, rudi kazini. Siku ya tatu viza ya kijana ikafutwa. Aliondoka na begi moja. Msimamizi yuko pale pale.

Ijumaa iliyofuata mpishi akajikalia tayari kutafsiri. Niliifunga laptopu kwa kishindo, nikamwambia mbele ya wote kwamba miisho yake ya kutunga ndiyo iliyompandisha mwenzetu ndege. Yeye hakukasirika.

"Kiingereza mimi naokoteza tu, kaka," alisema. "Mwisho nilikuwa naubuni kwa sababu siuelewi. Aliyekuwa anauelewa ni wewe."

Wote wakanigeukia.